Anaitaka Nyumba

Jumapili iliyopita mjukuu wangu Rowena alimleta mchumba wake kwangu kula chakula cha mchana. Tulipomaliza pai ya viazi, yule kijana alisimama bila kuambiwa, akakunja mikono ya shati, akaanza kuosha vyombo. Aliosha hata lile bakuli la bati lililogandiwa na ukoko pembeni, ambalo mimi huliloweka mpaka kesho yake. Rowena akanikonyeza, akasema kwa sauti, "Anaitaka nyumba huyo, bibi!"

Kijana akacheka. Mimi nikauliza, "Maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Si watu husema tu," akanijibu. "Mtu akifanya wema ambao hakutumwa. Hapa Rawbridge kila mtu husema."

Ni kweli. Mwenye bucha husema, walimu husema, na yule dada wa benki aliyehamia juzijuzi kutoka Leeds naye amekwisha yaokota. Hakuna hata mmoja ajuaye kwamba maneno hayo yalitoka mdomoni mwangu mimi, Selina Haworth, mwezi wa pili wa mwaka 1975, na kwamba nilipoyasema hayakutoa sauti hata chembe. Walioyaona yakitoka karibu wote wamezikwa. Basi nimechukua daftari la Rowena la zamani, lenye kurasa nyingi tupu, na nitaeleza.

Mimi niliacha shule nina miaka kumi na minne, nikaingia kiwanda cha kufuma nguo, nikakaa humo miaka thelathini na saba. Ukumbi wetu ulikuwa na mitambo mia nne, na yote ikienda pamoja huwezi kumsikia mtu hata akikuwekea mdomo sikioni. Kwa hiyo hatukusikilizana, tulitazamana. Tulisema kwa midomo, tukiifungua na kuifinya sana kila neno lionekane, na nyusi zikisaidia. Niliweza kumsimulia mtu aliye safu sita mbali jinsi paka wangu alivyozaa, na yeye akaniuliza wangapi wana mabaka. Mji mzima ulikuwa hivyo. Watu waliongea wakiwa pande mbili za barabara, gari zikipita katikati. Waliongea kanisani wakati wa mahubiri, na mchungaji, ambaye hakuwa wa kwetu, alishangaa kila mara kwa nini watu wanatabasamu akitaja jehanamu.

Mitambo hiyo ilitula masikio. Rafiki yangu Hetty Pilling, alipofika miaka hamsini, alikuwa hasikii kitu. Hakujali. Televisheni aliitazama ameizima sauti kabisa, akasoma midomo, na mara nyingi alijua mengi kuliko sisi. Alikuwa akisema, "Yule mtangazaji wa habari, kabla hawajamwashia sauti, alimwambia mtu viatu vinambana."

Hetty na mimi tulikuwa wajane wote wawili. Yeye alikuwa na nyumba ya mwisho kwenye mtaa wetu, ile yenye dirisha lililochomoza mbele, bafu la ndani, na kibustani cha nyuma kilichoelekea reli. Mimi nilipanga nyumba ya katikati, choo uani, na kila nilipotoka usiku wa baridi nilivaa koti la marehemu mume wangu. Tulikuwa na mazungumzo yetu ya miaka, ya wakati wa chai kiwandani. "Tukistaafu, shoga," Hetty alikuwa akisema, "wewe utalala chumba cha nyuma, uhesabu treni." Nami nilikuwa nikimjibu kwamba nitaweka mapazia ya njano. Yeye aliyasema kama watu wasemavyo mambo wakinywa chai. Mimi nilinunua kitambaa. Nilikwenda siku moja kwenye chumba kile kuchukua blanketi, nikalipima dirisha kwa utepe niliokuwa nao mfukoni, na nikakata mapazia nyumbani, nikayaweka kwenye saraka chini ya mashuka. Sikumwambia.

Kisha Wilfred Duxbury, fundi wa mitambo, akamposa Hetty.

Wilfred alikuwa mtu mkubwa, mtaratibu, mwenye mikono iliyokuwa na mafuta meusi ambayo sabuni ilishindwa nayo. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na hakuwahi kuoa. Alikaa kwa dada yake, katika chumba ambacho mashine ya kushonea ya dada mtu ilikuwa na nafasi kubwa kuliko yeye. Hetty alipotuambia, alikuwa mwekundu kama msichana. Alma Grimshaw, rafiki yetu wa tatu, akamkumbatia. Nami nikamkumbatia. Harusi ikapangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne.

Sasa hiyo televisheni. Kulikuwa na mchezo wa kuchekesha kila Alhamisi saa mbili usiku, uliitwa Zamu ya Asubuhi, habari za kiwanda cha kufuma na msimamizi wake mnene, mvivu. Kila kitu kilipoharibika, uzi umekatika, mtambo unatoa moshi, mwenye kiwanda amefika anafoka, msimamizi alitokea mlangoni akifunga mkanda wa suruali na kusema, "Usiniulize mimi, nilikuwa chooni!" Hicho ndicho alichosema, kila wiki, na nchi nzima ilimngojea aseme. Baada ya miezi miwili huwezi kumuuliza mtu jambo. Polisi alisema alikuwa chooni. Mwenye bucha, ukimwambia soseji za jana zilikuwa na chumvi, alisema alikuwa chooni. Wakati wa maswali ya watoto katika shule ya Jumapili, mwalimu aliuliza nani aliumba mbingu na nchi, na mtoto mmoja akajibu hivyohivyo. Alma alikuwa akisema, "Nchi hii ingetawaliwa kutoka chooni ingekwenda vizuri zaidi."

Basi watu wa televisheni wakaja Rawbridge kuchukua picha kwenye kiwanda chetu, maana walitaka ukumbi wa kweli na wafumaji wa kweli nyuma ya waigizaji. Tulichaguliwa kumi na wawili. Hetty hakuchaguliwa, siku hiyo alikuwa na kikohozi. Mkuu wao, mtu wa London mwenye skafu ndefu, alitupanga kwenye mitambo. Akatuambia, "Akina mama, fanyeni kazi na muongee kama mnavyoongea siku zote. Msiwe na wasiwasi, hatutachukua sauti zenu hata kidogo."

Hatutachukua sauti. Nasi tukaridhika! Wewe unayesoma utasema tulikuwa wajinga, lakini fikiri. Kwa miaka thelathini na saba maneno yangu yaliishia kwenye jicho la yule niliyemtazama. Asiyekuwa mbele ya uso wangu hakunisikia, basi. Kamera kwangu ilikuwa chombo tu, kama ndoo.

Mitambo ikawashwa. Msimamizi mnene akaja akifunga mkanda. Na Alma, safu ya pili kutoka kwangu, akaniuliza kwa midomo, "Umepata kofia ya harusi?"

Nami nikajibu, nyusi juu, kila neno limefunguka kama mlango, "Harusi gani? Yule hamtaki Hetty. Anaitaka nyumba."

Alma akashika mdomo. Msimamizi akasema alikuwa chooni. Mwenye skafu akapiga makofi, akasema vizuri sana, imetosha.

Tulikuwa tumesimama kituoni tukingoja basi, mvua ikinyesha ile ya pembeni, ndipo Alma aliponigeukia. Akasema kwa sauti, "Selina. Ile kamera ilikuwa inamtazama yule mnene."

"Sasa?"

"Na wewe ulikuwa nyuma ya bega lake. Uso mzima."

Basi likaja, likajaa watu, likaondoka. Sisi bado tumesimama.

Nilipiga hesabu kwa tarehe waliyotutajia: ingeonyeshwa Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi. Wiki tisa. Wiki hizo tisa sikukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Nilisugua ngazi ya mlango kwa jiwe mara tatu kwa siku, hata jirani akaniuliza kama namngojea malkia. Nilianza kufuma soksi, nikafika kisigino, nikafumua. Usiku niliamka, nikasimama mbele ya kioo na mshumaa, nikayasema yale maneno polepole, kuona kama yanaweza kusomeka kuwa kitu kingine. Hayakuweza. Mama yangu alinifundisha kusema vizuri.

Niliandika barua kwa watu wa televisheni, kwa mwandiko wangu bora, nikawaomba wamkate yule mwanamke wa nyuma kwa kuwa ana sura mbaya. Baada ya siku kumi na mbili ikaja bahasha kubwa. Walinishukuru kwa kuupenda mchezo wao. Ndani mlikuwa na picha ya yule mnene, na chini yake ameandika kwa wino wa buluu: "Usiniulize mimi, nilikuwa chooni."

"Mwambie Hetty," Alma akaniambia. "Mwambie kabla hajaona."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba una mdomo."

"Hilo analijua."

"Basi mwambie una mdomo na ni mpumbavu."

Jumatano, kesho yake ndiyo mchezo, nilikwenda. Hetty alikuwa amesimama juu ya kigoda jikoni, amevaa gauni la harusi, la rangi ya bluu ya kijivu, na ameshika pini kwenye meno. Akaniashiria nimpige pini kwenye pindo. Nikapiga magoti. Mtu aliyepiga magoti kwenye pindo la kiziwi hawezi kumwambia kitu, maana uso wake uko chini. Nililizunguka lile gauni lote nikitambaa, pini moja moja, na nikawa nalitaka lisiishe. Nilipoinua uso, Hetty alikuwa analia kidogo, kwa furaha.

"Sikutegemea, shoga," akasema. Sauti yake ilikuwa kubwa na bapa, kama ya viziwi wote. "Nilidhani yangu yamekwisha. Jana alinibebea mfuko wa sokoni mpaka juu ya kilima, na njia nzima hakusema neno. Anajua nikipanda siwezi kutazama midomo na ngazi kwa pamoja. Nani mwingine angefikiria hilo?"

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Pindo limekaa sawa."

"Kesho njooni wote," akasema. "Nimekodi televisheni ya rangi."

Tulikuwa wanne: Hetty, Wilfred, Alma na mimi. Kulikuwa na pai ndogo za nyama, vitunguu vya siki, na keki ya tangawizi iliyokatwa vipande vinene. Sauti ilizimwa, kama ilivyo desturi ya nyumba ile. Wilfred alikaa ukingoni mwa kochi, hakutaka kuliegemea, kwa sababu ya mafuta ya kichwani. Mimi nilikaa karibu na televisheni nikiwa na wazo la kusimama mbele yake wakati ukifika, kana kwamba nachukua kitunguu.

Nilisimama kweli. "Keti, Selina," Hetty akasema, "hatuoni." Na Wilfred, kwa upole wake, akanivuta mkono nikae.

Yule mnene akatokea akifunga mkanda. Nyuma ya bega lake nikatokea mimi, rangi zote, aproni ya kijani, pua nyekundu. Sikuwahi kujiona nikisema. Nilikuwa na uso wa mtu anayefurahia. Sekunde nne, labda tano.

Nilimtazama Hetty, na nikaona midomo yake ikifuata ya kwangu, kama mtoto anayesoma kitabu cha kwanza.

Wilfred naye ni mtu wa kiwandani, alisoma kama alivyosoma kila mtu. Akaweka kipande chake cha keki kwenye sahani, kilichoumwa mara moja, akatafuta kofia. "Nadhani nitatembea kidogo," akasema, akatoka.

Hetty alizima televisheni, akakusanya sahani. Nikasimama mbele yake, nikaanza, "Hetty, sikiliza," na yeye akageuka, akanipa mgongo.

Huko kwenu mtu akikupa mgongo bado anakusikia. Kwetu ni kama kufungiwa mlango kwa komeo. Nilizunguka upande wa pili wa meza, naye akageuka tena. Tukaizunguka ile meza mara mbili, mpaka Alma akanishika kiwiko akanitoa nje.

Asubuhi yake nilipofika kiwandani, kwenye mtambo wa tatu karibu na mlango, binti mmoja alikuwa amemwokotea mwenzake mkasi. Yule mwenzake akasema kwa midomo, nyusi juu, vilevile kama mimi, "Anaitaka nyumba." Safu nzima ikacheka. Saa sita mwenye bucha alimwongezea Alma kipande cha mafuta, na mwanamke nyuma yake akasema, "Anaitaka nyumba." Mbwa wa posta akilala miguuni mwa mtu: anaitaka nyumba. Mchungaji aliokota kitabu cha nyimbo kilichomwanguka bibi mmoja, kanisa likatikisika, na yeye maskini akatazama kama suruali yake imefungwa vizuri. Nchi nzima iliendelea na choo chake. Rawbridge ilikuwa na neno lake yenyewe, ambalo halikusikika popote duniani ila kwetu, na watu walilipenda kwa sababu hiyo.

Hawakuwa wabaya. Niliwaza sana jambo hilo nikisugua ngazi. Neno likishaingia midomoni halina tena mtu ndani yake, watu huliona tamu tu. Lakini lile lilikuwa bado na mtu ndani.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba waliache. Bibi Entwistle wa namba tisa alinikaribisha, akanipa chai, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umekuja na mvua yote hii kwa ajili ya Hetty?" Kisha akashindwa kujizuia. "Basi nawe unaitaka nyumba!" Akacheka mpaka akamwaga chai. Nilitoka pale bila kumalizia chai yangu, maana hakujua alichokisema.

Harusi ikaahirishwa. Wilfred ndiye aliyeomba. Alimwambia Hetty wangoje maneno yapoe. Keki ilirudishwa kwenye bati lake, kwa Alma, na kila Jumapili Alma aliichomachoma kwa sindano na kuinywesha brandi kidogo. "Keki itangoja," alisema. "Sijui kama Wilfred atangoja. Mwanamume wa miaka hiyo akirudi kwenye cherehani ya dada yake huota mizizi."

Lakini kilichonikata maini ni mfuko. Wiki ya tatu nilimwona Hetty akipanda kilima kutoka sokoni, mfuko wa viazi mkono wa kulia, akisimama kila nguzo ya taa. Wilfred alikuwa hatua kumi nyuma yake. Mikono mfukoni. Alikuwa anamfuata ili asianguke, lakini hakuthubutu kuugusa mfuko, kwa sababu mara ya mwisho alipougusa wanaume wa uwanja wa bowlingi, wale wanaoviringisha mipira nyasini, walisema lile neno wote pamoja, wakiwa wamevua kofia. Alikuwa mtu ambaye hakujua kupenda kwa kusema, alijua kwa kubeba. Na mimi nilikuwa nimemfunga mikono. Walipanda hivyo mpaka juu, wawili hao, na mimi nimejibanza kwenye mlango wa duka la fundi viatu, sina pa kwenda.

Nilirudi nyumbani, nikatoa mapazia kwenye saraka, nikayatandaza kitandani. Nikakaa nayo mpaka moto ukazimika. Hapo ndipo nilipokubali kilichokuwa mdomoni mwangu siku ile.

Kumwambia Hetty peke yake kungekuwa bure, hata kama angekubali kunitazama. Mji mzima ulisoma la kwanza. Mji mzima ulipaswa kusoma la pili.

Jumapili ya Pentekoste sisi huandamana. Makanisa yote hutoka, wasichana wamevaa nyeupe, bendi ya matarumbeta mbele, na bendera kubwa ya kila kanisa ikibebwa juu ya miti miwili. Yetu ilikuwa ya hariri, na Mchungaji Mwema amechorwa akiwa na kondoo aliyefanana sana na mchungaji wa kwanza wa kanisa letu. Upepo ukiingia kwenye hariri hiyo unaweza kuwainua wanaume wawili, kwa hiyo kuna kamba nne, mbili mbele na mbili nyuma, na wanawake wenye mikono imara huzivuta kuishika. Hetty alishika kamba ya mbele kushoto tangu akiwa msichana. Wilfred alibeba mti wa kushoto, nyuma yake tu, umesimamishwa kwenye mkoba wa ngozi kifuani. Mambo yote ya mwezi ule hayakubadilisha hilo. Mtu haachi kamba yake.

Hetty asingeweza kuiacha kamba, na Wilfred asingeweza kuuacha mti. Ndipo nilipopata njia.

Mimi nilipaswa kutembea nyuma na wanawake wa ushirika. Tulipoingia Mtaa wa Darajani, watu wamejaa pande zote mbili, wengine wamekaa kwenye viti walivyotoa majumbani, bendi ikaanza wimbo na ngoma kubwa ikaufunika ulimwengu. Kelele kama za kiwandani. Nikatoka kwenye safu, nikashika sketi, nikakimbia kando ya bendera. "Selina, unaumwa?" Alma akaniita. Nikapita mbele ya Hetty, kwenye ile nafasi kati ya bendi na bendera, nikageuka, nikaanza kutembea kinyumenyume.

Hetty akatazama juu. Akatazama kulia. Lakini mwenye kamba lazima atazame mbele, na mbele palikuwa na mimi.

Nikasema, kwa midomo, nyusi juu, kila neno wazi: "Nilisema uongo."

Akatazama kofia yangu.

"Wilfred haitaki nyumba. Nyumba niliitaka mimi."

Kwenye njia ya miguu niliona vichwa vikigeuka, kama ngano. Watu waligusana viwiko. Mtu alicheka, mwingine akamnyamazisha.

"Chumba cha nyuma," nikasema. "Cha treni. Nilipima dirisha nilipokuja kuchukua blanketi. Sikutaka uolewe. Nilitaka tuzeeke wawili."

Nilikuwa na viatu vipya, vyeupe, na kutembea kinyumenyume kwa mawe ya barabara si mchezo kwa mtu wa miaka hamsini na mmoja. Nilipepesuka. Nilirudia yote tangu mwanzo, ili wa upande wa benki wasome vizuri, na nikarudia tena tulipofika bucha. Machozi yaliniingia mdomoni, nikawa nayafuta upesi, maana yanaharibu maneno. Wilfred, nyuma ya bega la Hetty, alikuwa ameukumbatia mti wake na kunikazia macho jinsi alivyozoea kuukazia mtambo uliokwama.

Hetty akafungua midomo. Ilikuwa wiki ya nne tangu aliponipa mgongo.

"Nyuma yako," akasema. "Mavi ya farasi."

Farasi wa polisi alikuwa ametangulia bendi. Mimi nilidhani bado nina hatua mbili, sikuwa nazo. Kiatu kikazama mpaka kwenye kifundo. Mtaa mzima wa Darajani ukapasuka kwa kicheko, na Wilfred Duxbury akacheka na tumbo lake lote, mti ukayumba, bendera ikainama upande, upepo ukaingia, na Mchungaji Mwema akaanza kuondoka na kondoo wake. Hetty ilibidi aning'inie kwenye kamba kwa mikono miwili, visigino vimechimba barabara, kofia imemwangukia sikioni. Alipoirudisha bendera sawa alikuwa anahema. Tukaendelea, mimi kinyumenyume, kiatu kimoja cheupe na kimoja cha kahawia.

Tulikwenda hivyo mpaka karibu na daraja. Kisha akaniuliza, bila kutabasamu, "Mapazia ya rangi gani?"

"Njano."

"Chumba kile njano haikifai. Kingeonekana kama kinaumwa."

"Nimekwisha yakata."

Alifikiri mpaka mwisho wa ubeti. "Yalete," akasema. "Tutayatia jikoni. Sasa geuka, utaanguka mtoni."

Walioana mwezi wa saba. Keki ilikuwa na brandi nyingi kiasi kwamba mchungaji aliomba kipande cha tatu. Chumba cha nyuma Wilfred alikifanya cha vifaa vyake, na mimi nilikuwa nikienda jikoni kila Jumanne na Ijumaa, nikiketi chini ya mapazia yangu, ambayo yalikuwa mafupi kidogo kwa dirisha lile. Hetty hakunisamehe kwa siku moja. Alikuwa akinisamehe kidogo kidogo, na siku nyingine akinyang'anya alichokwisha toa. Nilikubali.

Neno halikufa. Nilidhani nitaliua, lakini watu walilisogeza tu. Wilfred akipanda kilima na mfuko wa Hetty, wanaume wa bowlingi walinyamaza. Nikipita mimi, wakavua kofia. Hata mtoto akinifungulia mlango wa duka, mama yake alisema, "Hapana, mwanangu, anayeitaka nyumba ni huyo anayeingia." Nililibeba miaka kumi, ishirini, mpaka waliojua wakapungua, na neno likabaki peke yake, jepesi, bila mtu ndani.

Jumapili ile yule kijana alimaliza bakuli la bati, akalining'iniza kwenye msumari usio wake. Akaniuliza kama kuna kingine cha kufanya. Nikamwambia kuna ndoo ya makaa iliyo tupu. Rowena akafungua mdomo aseme tena, nyusi zimeshapanda.

"Mwache abebe," nikamwambia.